Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: mguu usikatwe kabla punje haijatajwa jina

Kwa mawaziri wa afya, waganga wakuu, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa maabara na wasimamizi wa bohari za dawa katika nchi zenye maisetoma.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu ugonjwa wa mguu ambao vipimo vyake vya kwanza havihitaji mashine ya ajabu, na bado watu wanakatwa miguu kwa sababu hakuna aliyevifanya. Maisetoma ni maambukizi sugu ya nyama iliyo chini ya ngozi, mara nyingi wayoni. Vimelea vilivyomo udongoni huaminika kuingia kwa mchomo wa mwiba au jeraha dogo, kisha hukaa humo miezi au hata miaka vikijenga uvimbe mgumu usiouma. Baadaye ngozi hutoboka matundu yanayofunga hapa na kufunguka pale, na usaha unaotoka huwa na punje. Punje hizo ndizo vimelea vyenyewe, vimeshikamana na kujijengea ukuta.

Zaidi ya aina 70 za vimelea husababisha ugonjwa huu, nazo ziko katika makundi mawili yasiyotibika kwa dawa moja. La kwanza ni fangasi, na anayeongoza ni Madurella mycetomatis. La pili ni bakteria wa nyuzinyuzi, kama Streptomyces somaliensis, Actinomadura madurae, Actinomadura pelletieri, na Nocardia brasiliensis anayetawala Meksiko. Kwa macho matupu mguu wa fangasi na wa bakteria huweza kufanana kabisa. Wa bakteria, kwa wagonjwa walio wengi, hupona kwa dawa bila kisu. Wa fangasi hudai dawa ya mwaka mzima au zaidi, pamoja na upasuaji. Ukikosea kundi, mwenye fangasi atameza antibayotiki miezi na miezi huku mfupa ukiliwa, na mwenye bakteria atapoteza mguu ambao vidonge na sindano vingeuokoa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: ni fangasi au ni bakteria? Mahali pengi swali hilo halijibiwi, na kinachokwamisha ni mambo madogo yaliyo mikononi mwenu.

Tuanze na pamba ya usaha. Mgonjwa anafika na matundu mguuni, anapangusiwa usaha kwa pamba, pamba inakwenda maabara, na baada ya siku mbili jibu linarudi: Staphylococcus aureus. Jibu hilo ni la kweli na halina faida. Matundu yaliyokaa wazi muda mrefu huingiwa na bakteria wa juu juu, na hao ndio wanaoota haraka. Mgonjwa anapewa antibayotiki ya siku kumi, usaha unapungua, harufu inakata, maumivu yaliyoletwa na maambukizi ya juu yanatulia, na kila mtu anaamini dawa imeshika. Baada ya wiki chache matundu yanafunguka tena. Mzunguko huu unaweza kurudiwa mara nyingi bila mtu yeyote kuinua gozi iliyofunika kidonda na kuitazama kwenye mwanga. Tunaomba mwongozo wa hospitali useme wazi: kwa uvimbe sugu wenye matundu, pamba ya usaha si sampuli ya kutambua maisetoma.

Gozi hiyo, kwa upande mwingine, ni hazina. Ondoa gaga juu ya tundu, safisha ngozi, weka gozi safi iliyolowanishwa kwa nomo salaini (maji ya chumvi ya hospitali), funga, iache usiku kucha. Asubuhi ifungue juu ya sahani safi, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Punje nyingi huwa kati ya robo milimita na milimita kadhaa. Za Madurella ni nyeusi na ngumu. Ukiziminya kwa kibanio hukatika kama chenga za mkaa. Za Actinomadura pelletieri ni nyekundu na ndogo. Nyeusi karibu daima ni fangasi, nyekundu karibu daima ni bakteria, na mpaka hapo muuguzi mwenye gozi na kioo amefika mbali kuliko jibu la pamba. Mtego uko kwenye punje nyeupe na za manjano, maana makundi yote mawili huzitoa. Rangi peke yake haitoshi kuanzisha tiba ya mwaka mzima.

Jambo la pili linatokea katika chumba cha upasuaji mdogo. Katika hatua za mwanzo maisetoma ni kinundu tu: kigumu, hakiumi, hakina tundu. Kinadhaniwa kuwa uvimbe wa mafuta, au mwiba uliobaki ndani. Kinachomwa ganzi ya juu, kinatolewa, kinatupwa kwenye ndoo. Hapo umefanyika uzembe maradufu. Ganzi ya juu humbana mpasuaji, hawezi kwenda mbali kufuata ugonjwa. Punje zinabaki, na uvimbe unaorudi huwa umesambaa kuliko ule wa kwanza. Tena ushahidi umekwenda na taka. Kanuni inayotosha kuandikwa ukutani ni hii: kinundu chochote kilichotolewa mguuni kipasuliwe katikati papo hapo, kitazamwe kama kina punje, na kisitupwe bali kipelekwe maabara. Mgonjwa asipokumbuka kuchomwa na mwiba, hilo halifuti lolote. Wengi hawakumbuki.

Sasa tufike kwenye chupa, na hapa tunaomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndipo majibu mengi yanapofia.

Sampuli bora ni kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa kina, mgonjwa akiwa na ganzi ya mgongo au amelazwa usingizi, kutoka sehemu ambayo ina punje. Kipande cha ngozi ya juu, au ukingo wa tundu, kitaonyesha kovu na uvimbe wa muda mrefu tu. Kipande kikishatoka hugawanywa mara mbili. Nusu moja huingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, sivyo katikati ya kipande huoza kabla dawa haijafika. Nusu ya pili huingia kwenye chupa safi yenye nomo salaini iliyotakaswa, na kupelekwa maabara ya vimelea siku hiyohiyo. Fomalini huua kila kilicho hai, hivyo kipande kilichotumbukizwa chote humo hakitaotesha kitu kamwe. Na hivyo ndivyo inavyofanyika kila siku, kwa sababu chumba cha upasuaji kina aina moja tu ya chupa. Mpasuaji hana kosa kubwa; hakuna aliyemwekea chupa ya pili. Chupa mbili ndani ya mfuko mmoja, pamoja na fomu moja, ni ombi dogo mno kulinganisha na gharama ya kumkata mtu mguu na kumtafutia wa bandia.

Fomu nayo ina lake. Ikiandikwa “kidonda sugu, naomba uchunguzi,” mtaalamu wa patholojia atakata slaidi moja, atapaka rangi ya kawaida, na asipoona punje atajibu “uvimbe sugu, hakuna dalili ya saratani.” Ikiandikwa “nashuku maisetoma, muda miaka miwili, matundu matatu, punje nyeusi zimeonekana,” atakata ngazi kadhaa za kipande hichohicho. Tofauti hiyo ni kubwa, maana punje huweza kuwa chache, na zile nyeusi ni ngumu kiasi kwamba wembe wa kukatia huzivunja au kuzing'oa, zikaacha uwazi tu. Tunapendekeza fomu yenye nafasi za kujaza mambo haya: mahali pa uvimbe, muda, idadi ya matundu, rangi ya punje, kazi ya mgonjwa, tezi za kinena zimevimba au la, na dawa alizokwisha kumeza. Hilo la mwisho linasahaulika mno, nalo ndilo linaloeleza kwa nini wakati mwingine hakuna kinachoota.

Katika maabara, punje huoshwa kwa nomo salaini iliyotakaswa mara kadhaa ili kuondoa wale bakteria wa juu juu. Moja husagwa kati ya vioo viwili pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20. Nyingine husagwa na kupakwa rangi ya Gram. Kisha kinachotazamwa ni unene wa nyuzi. Za fangasi ni nene, takriban maikromita 2 hadi 5, zina vikuta vya kuzigawa, na mara nyingine ncha zilizovimba. Za bakteria ni nyembamba kiasi cha maikromita 1 au chini yake, na hushika rangi ya Gram ya zambarau. Mtaalamu wa maabara aliyezoea kusoma slaidi za malaria na TB anaweza kufundishwa tofauti hii kwa muda mfupi. Ana hadubini tayari, ana rangi tayari. Akiandika “nyuzi nene” au “nyuzi nyembamba,” tayari ameelekeza tiba. Kwa nini basi kipimo hiki hakimo katika orodha ya vipimo vya hospitali za wilaya? Kwetu sisi hili ndilo pengo la kwanza la kuzibwa, kabla ya mashine yoyote mpya.

Tahadhari moja tu hapa. Nocardia hushika kiasi ile rangi nyekundu ya TB, hasa ikisafishwa kwa asidi dhaifu. Msomaji asiye makini anaweza kuandika TB, na mgonjwa akaanzishiwa dawa za miezi mingi zisizo zake. Wekeni utaratibu kwamba jibu la TB ya mguu wenye matundu lithibitishwe kwa kipimo cha vinasaba vya TB kabla ya mgonjwa kuanza dozi, hali yake ikiruhusu.

Kuotesha kunahitaji subira, na subira haimo katika ratiba za maabara nyingi. Sahani hutupwa baada ya siku mbili au tano na jibu huandikwa “hakuna kilichoota.” Vimelea vya maisetoma huhitaji wiki tatu hadi sita. Punje ziwekwe kwenye vyakula viwili tofauti vya kuoteshea vimelea: Sabouraud yenye kloramfenikoli kwa ajili ya fangasi, na chakula kisicho na antibayotiki, kama Löwenstein-Jensen, kwa ajili ya bakteria. Anayetumia chakula chenye kloramfenikoli pekee anawaua bakteria anaowatafuta, kisha anaripoti kwamba hawapo. Baadhi ya sahani zikae nyuzi joto 37, nyingine karibu na 26 hadi 30. Na hata Madurella akiota, mara nyingi hatoi mbegu za kumtambulisha chini ya hadubini. Huonekana ukungu wa kijivu au manjano na rangi ya kahawia inayosambaa ndani ya chakula. Jina kamili hupatikana kwa kusoma vinasaba. Kipimo hicho si cha kila wilaya, na hatuombi kiwe. Tunaomba maabara moja ya taifa iweze kukifanya, na sampuli ziwe na njia inayojulikana ya kufika huko, pamoja na njia ya jibu kurudi kwa daktari aliyetuma. Jibu linalobaki kwenye kompyuta ya maabara halijamsaidia mtu. Vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili havijafikia kiwango cha kutegemewa, na hakuna kipimo cha haraka cha kando ya kitanda. Msikubali kuuziwa kitu kwa jina hilo.

Picha tuzipitie kwa haraka. Eksirei inaweza kuwa safi kabisa mwanzoni, kwa hiyo eksirei safi isimrudishe mgonjwa nyumbani. Mfupa ukishaguswa, fangasi huelekea kuchimba mashimo machache, makubwa, yenye kingo wazi. Bakteria huchimba mengi, madogo, yenye kingo zisizoeleweka. Altrasaundi huonyesha punje kama vimulimuli vikali ndani ya mifuko ya usaha, nayo humsaidia mpasuaji kujua ugonjwa umefika wapi. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayochora mipaka vizuri kuliko zote: kinundu cheusi ndani ya duara jeupe ni alama inayojulikana ya ugonjwa huu. Lakini hakuna hata moja kati ya picha hizi inayotaja jina la kimelea. Picha hupima ukubwa wa ugonjwa, punje hutaja kimelea kilichouleta.

Bohari za dawa, tunakuja kwenu. Kwa bakteria, utaratibu unaotumika sana ni antibayotiki mbili: kotrimoksazoli kwa wiki tano pamoja na amikasini miligramu 15 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa siku, wiki tatu za kwanza. Mzunguko hurudiwa kulingana na hali. Amikasini huweza kuharibu figo na masikio, kwa hiyo damu ya figo na kipimo cha usikivu vifanyike kabla ya kila mzunguko. Mahali ambapo hakuna anayeweza kupima usikivu, semeni mapema mgonjwa apelekwe wapi.

Kwa fangasi, dawa ni itrakonazoli miligramu 400 kwa siku. Kwa kawaida huanzwa miezi kama sita kabla ya upasuaji, na kuendelea miezi sita au zaidi baada yake. Dawa haipenyi vizuri ule ukuta wa punje, ndiyo maana peke yake mara nyingi haimalizi kazi; inachofanya ni kuuzungushia uvimbe ganda na kuupunguza, mpasuaji akaweza kuutoa mzima bila kukata mguu. Anayepasua bila dawa ya awali hukuta ugonjwa uliotapakaa. Vidonge vya kapsuli vimezwe na chakula, kwa sababu vinahitaji asidi ya tumbo. Omeprazoli na dawa za kiungulia huvidhoofisha. Rifampisini ya TB huvimaliza nguvu karibu kabisa, na hapa mnaona jinsi jibu la TB lililokosewa linavyoharibu hata tiba sahihi ikija baadaye. Ini lipimwe mara kwa mara, na mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi asipewe. Ketokonazoli, iliyotumika zamani, iliwekewa vizuizi Ulaya na Marekani mwaka 2013 kwa sababu ya madhara kwenye ini. Ikiwa bado imo katika mwongozo wenu wa maisetoma, mwongozo huo umepitwa na wakati.

Kuna pia fosravukonazoli, inayomezwa mara moja kwa wiki. Jaribio lililofanyika Sudan, ambalo matokeo yake yalichapishwa 2024, halikuonyesha kwamba inaishinda itrakonazoli katika kuponya. Faida yake ni wepesi wa kumeza, na kwa tiba ya mwaka mzima wepesi si jambo dogo. Lakini kusubiri dawa mpya kusiwe kisingizio cha kukosa ile iliyopo. Mgonjwa anayenunua itrakonazoli kwa fedha yake mwenyewe huinunua mpaka uvimbe upungue, kisha huacha, na uvimbe hurudi.

Mnajua kwamba Baraza la Afya Duniani liliiingiza maisetoma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2016, na kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka fangasi wa maisetoma katika kundi la kipaumbele cha juu. Lengo la mpango wa shirika hilo ni kwamba kufikia 2030 nchi 15 ziwe zimeingiza ugonjwa huu na ndugu zake wa fangasi wa ndani ya ngozi katika programu zao za kudhibiti na kufuatilia magonjwa. Nchi 15 si nyingi, ukizingatia kwamba ukanda wa ugonjwa huu unaanzia karibu latitudo 15 kusini hadi 30 kaskazini na kuizunguka dunia.

Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya elimu hii imetoka Kituo cha Utafiti wa Maisetoma cha Khartoum, kilichoanzishwa 1991. Vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 vilikiharibu, pamoja na hifadhi yake ya sampuli. Nchi zilizozoea kuuliza Khartoum sasa zinapaswa kuwa na watu wao wanaoijua punje kwa macho. Tengeni nafasi za mafunzo kwa wataalamu wa maabara na wapasuaji kabla wale waliosoma kwa mikono hawajastaafu.

Mwisho, takwimu. Mfumo wa kimataifa wa kuorodhesha magonjwa, ICD-10, una namba B47.0 kwa maisetoma ya fangasi, B47.1 kwa ya bakteria, na B47.9 kwa ile ambayo haikubainishwa. Wengi hawaandiki hata moja. Huandika “kidonda sugu” au “maambukizi ya mfupa,” na wizara inaamini ugonjwa haupo. Tunaomba kila hospitali inayokata miguu itoe taarifa mara moja kwa mwaka ya mambo mawili: wagonjwa wangapi wameandikwa B47.9, na wangapi kati yao wamekatwa mguu wakiwa bado na namba hiyo. Taarifa ya kwanza itolewe mwisho wa mwaka huu wa fedha, isainiwe na mganga mkuu wa hospitali pamoja na mkuu wa maabara, wote wawili kwenye ukurasa mmoja.

Wenu,
Wahudumu wa kliniki, maabara na upasuaji wanaoshughulikia maisetoma